Nimelihamishia bao kwenye simu, wazee wanasema nimeliua. Nikate nini niache nini?

kete64_mbeya
Wakuu heshima kwenu. Nipo hapa Mwanjelwa, mchana natengeneza simu, usiku najifundisha kuandika programu. Tangu mwezi wa tatu nahangaika na gemu ya bao la kiswahili, natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, maana ni ya bure na kompyuta yangu yenyewe ya mtumba. Imekubali, mashimo 32, kete 64, inajua kula, inajua kutakata (kusambaza bila kula), mpaka hapo fresh.

Shida wachezaji. Nikiwapa madogo wa mtaani, miaka 12 mpaka 16 hivi, wanacheza dakika mbili wanarudi kwenye gemu ya mpira. Wanakwama kwenye namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi. Dogo anaona nyumba, lile shimo kuu, ina kete sita, mashimo mawili ya pembeni mbili mbili, alafu anaambiwa nyingine 22 ziko mkononi na kila zamu anaingiza moja, ananiuliza "bro sasa hapa nacheza nini". Basi nikaitoa namua yote, nikaanza na kete mbili mbili kila shimo, gemu ikawa fupi, madogo wakaanza kugombania simu. Nikajiona nimepatia. Nikaipeleka kwa wazee wanaokaaga na bao pale chini ya mti, mzee mmoja kaishika, kacheza kidogo, kanirudishia simu kasema "mjukuu wangu, bao umeliacha wapi". Iliniuma kidogo nisiwafiche. Naombeni mawazo hasa nyie mnaojua mambo ya kuhamisha kitu cha zamani kwenda kwa watu wapya.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene mkuu. Bao sijui ila nimefanya kazi kwenye kibanda cha video hapa Iringa miaka hiyo ya mikanda, so nna la kusema. Zile muvi za Kichina zilikuwa zinakuja bila tafsiri, mwenye kibanda akawa ananisimamisha mbele nisimulie, mi lugha yenyewe siijui, nafuata sura za watu na yale maandishi ya Kiingereza chini nayabahatisha. Ndo enzi ambazo kina Lufufu, wale wasimuliaji wa muvi kwa Kiswahili, walikuwa wameshawika, sauti moja, polisi yeye, jambazi yeye, mama mkwe yeye. Na mi naiga. Jambazi akikimbia nasema "huyo anawahi basi Ipogolo", watu hoi. Yaani ukiongeza chumvi hakuna anayekulaumu, wanapenda wanakuongezea.

Siku moja umeme ukakatika zimebaki dakika kama kumi, watu hawataki kutoka, bosi akasema wamalizie kwa mdomo. Nikawamalizia, na kwa kiherehere changu nikamuua steringi kwa sababu niliona inanoga. Kesho yake kuna jamaa alikuwa ameiona kwingine, steringi hafi, anaoa kabisa. Walikuja kudai hela zao wote na aliyekuwa anawaongoza ni mjomba wangu. Kwa hiyo mkuu, chumvi weka unavyotaka, steringi usimguse. Sasa kwenye bao steringi ni nani hapo ndo ujibu mwenyewe.

babu_wa_uyole
Steringi ni nyumba. Nakujibu kama mchezaji, nimeanza kucheza kabla hamjazaliwa wengi wenu humu.

Kijana ukiitoa namua umeitoa nyumba, maana nyumba ina raha yake wakati kete bado ziko mkononi. Naisafirisha sasa, yaani nizisambaze kete zake, au naitunza? Nikiitunza mwenzangu anaiwinda, nikisafiri mapema nabaki mtupu mbele na mbele pakiisha kete nimefungwa. Mchezo mzima wa watu wawili kuviziana uko pale, na mara nyingi mkifika kwenye mtaji, yaani hatua ya pili kete za mkononi zikiisha, anayejua ameshajua nani kapigwa. Wewe umewapa watoto mtaji peke yake, ni sawa na kumkaribisha mgeni ukamuonyesha mlango wa nyuma.

La pili hamlisemi. Kwenye simu yako (kijana wangu alinionyesha gemu kama hizo) kete zinaruka kama njugu kwenye kikaango, unabonyeza, vuu, zimekwisha zunguka, mtu hajui zimepita wapi. Kwenye ubao mkono ndo unasambaza, shimo kwa shimo, jicho linahesabu, na mwenzako anahesabu pamoja na wewe akuone kama unaiba. Zipunguze mwendo. Na ziwe na sauti.

tunduma_finest
Mzee shikamoo ila mnamkatisha tamaa dogo. Watoto wa sasa hawana huo muda. Mbona ludo imetoka India huko inaitwa pachisi, Waingereza wakaipunguza mwaka 1896 wakaiandikisha kama mali yao, imefika kwetu, vijiwe vyote hapa mpakani ni ludo kwenye simu na hakuna mtu analia eti imeuawa. Kata mkuu, kata tena, anayetaka namua akacheze chini ya mti.

Mwl_Njombe
Tunduma umesema kitu bila kujua umekisema. Walipoipunguza waliiita ludo, hawakuendelea kuiita pachisi. Jina ni ahadi bana. Mwalimu Nyerere alipotuletea ule mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara, mwaka 1969, akauita Mabepari wa Venisi, yaani miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha unasikia "mabepari" unajua umekaribishwa kuangalia nini. Alibadilisha mlangoni, waziwazi, lakini hakuihamishia stori Kariakoo, Venisi ikabaki Venisi.

Sasa kete64 hebu turudi kwako, hicho ulichowapa watoto, kete mbili mbili bila namua, mbona kina jina tayari? Si ndo bao la kujifunza hilo? Wazee wenyewe ndo walilitumia kufundishia. Hukuua kitu, umeandika "bao la kiswahili" juu ya bao la kujifunza, mzee kafungua kakuta kingine. Hata mimi ningekurudishia simu.

babu_wa_uyole
Mwalimu hapo umenishika. Na mimi nilianzia hilo hilo la kujifunza. Hakuna aliyenipa namua siku ya kwanza.

lugalo1891
Achaneni na bao tengeneza gemu ya Mkwawa pale Lugalo, Wajerumani wanakuja na mizinga yao sisi tumelala kwenye majani tunawasubiri. Ila Zelewski, kamanda wao, asichezeke tafadhali 😂

kete64_mbeya
Lugalo hiyo ya kwako nimeiandika pembeni usijali.

Aisee nimesoma yote mara mbili. Mwalimu lile la jina limeniingia, kumbe nilikuwa nabishana na mzee kuhusu kitu ambacho yeye anacho na kina jina. Nimeshabadilisha, ukifungua unakuta mawili, la kujifunza na la kiswahili, ukishinda la kujifunza mara tano ndo namua inafunguka, tena hapo nyumba naiwekea rangi yake peke yake ili dogo aone kwamba hii sio shimo kama mengine. Mnyalu na wewe nimekuibia wazo, nataka sauti ya mtu anayekusimulia ukiwa unacheza, "mwenzio anainusa nyumba yako hiyo", kwa Kiswahili cha huku huku. Kama upo tayari njoo inbox, hela sina, bando nakuwekea.

Mwendo wa kete nimeupunguza, madogo wawili wamelalamika, mmoja hajasema kitu ila nimemuona anahesabu kwa kidole. Bado sauti, hizi za kudownload zinalia kama vidonge kwenye chupa. Mzee wa pale chini ya mti kakubali nirekodi ubao wake Jumapili asubuhi kabla soko halijachangamka, kasema nije na simu yenye chaji na kilo ya sukari.

babu_wa_uyole
Sukari peleka kilo mbili. Wako wawili hapo.