Vitoto vya sungura vinaharisha na kufa: ni minyoo ya sungura pori?

Mfugaji wa Goba
Habari zenu wakuu. Nafuga sungura huku Goba. Tangu masika yaanze, vitoto vikishaachishwa kunyonya vinavimba tumbo, vinaharisha, vinakataa kula, vinakufa. Wakubwa wazima kabisa. Majani nakata bondeni, na jirani anasema sungura pori wa kule ndio wanaotuambukiza minyoo. Nimepasua mmoja, ini limejaa vidoa vyeupe. Naombeni msaada, inaniuma sana.

Kijana wa Mbezi
Pole mkuu. Wape dawa ya minyoo wote, na majani ya bondeni acha.

Mama Sungura
Dawa ya minyoo haitamsaidia. Dalili hizo ni za koksidia, ugonjwa wa vimelea vidogo sana viitwavyo Eimeria, ambavyo si minyoo. Wa ini ni Eimeria stiedae, wengine hukaa kwenye utumbo. Na sungura pori tusiwasingizie: wale ni jamii nyingine, Lepus, wana Eimeria wao. Hawa wa kwetu asili yao ni sungura mwitu wa Ulaya, na hata huko porini vitoto ndivyo hulemewa. Wakubwa wana kinga, ila wanaendelea kutoa vimelea kwenye kinyesi. Kwa hiyo tazama mama zao kwanza, mkuu.
Sakafu ya banda ikoje?

Mfugaji wa Goba
Mbao, na mvua inapiga. Nafagia Jumamosi, kisha namwaga dawa ya kuua vijidudu.

Mama Sungura
Basi ndiyo hapo. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji unyevu, joto na siku mbili tatu hivi ndipo vikomae. Fagia kila siku, utakuwa umewawahi. Weka sakafu ya wavu, chakula kisiguse chini. Dawa nyingi za kusafishia haziviui. Maji yanayochemka na jua kali ndivyo vinavyosaidia.

Daktari wa mifugo, Temeke
Naongezea. Vidoa kwenye ini vina sababu zaidi ya moja, kwa hiyo peleka kinyesi na ini maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Temeke kabla ya kununua chochote. Ikithibitika ni koksidia, kuna dawa za amprolium na toltrazuril. Kipimo apange daktari kwa uzito wao. Vitoto vinavyoharisha vitenge leo hii, maji safi yasikatike.

Kijana wa Mbezi
Na mbwa wanaozurura bondeni je, daktari?

Daktari wa mifugo, Temeke
Hao wanaleta tegu, Taenia pisiformis. Ukikuta vifuko vya maji tumboni mwa sungura, ndiyo hiyo. Matumbo ya sungura mbwa asipewe mabichi.

Mfugaji wa Goba
Asanteni sana. Vitoto nimeshavitenga, fundi wa wavu anakuja jioni, na asubuhi niko Temeke.