Nani Atatufundisha? Gumzo la Wastaafu wa Mtaa

Mama Katibu:
Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wa rika habari za asubuhi. Kama tulivyoagana jana, leo tunazungumzia jambo moja tu, nalo ni kikundi chetu cha kujifunza, sisi tuliokwisha kustaafu. Wanaotaka kujiunga wamenitajia mambo wanayoyapenda: historia, ushonaji, usomaji wa ramani, matumizi ya simu, kwaya na mazungumzo ya vitabu. Hata hivyo karibu kila mmoja amemalizia kwa swali lile lile, kwamba ni nani atakayetufundisha. Naomba tulijibu hilo kabla ya kuchagua siku wala mahali.

Mwalimu Mstaafu:
Ahsante, Katibu. Nimefundisha maisha yangu yote, kwa hiyo nitasema ninavyoamini. Darasa lisilo na mtaala hufa mapema, kwa sababu watu huja mara ya kwanza kwa hamu, mara ya pili kwa kuoneana haya, na mara ya tatu hawaji. Napendekeza tukiombe chuo kitupatie wahadhiri, tupange masomo ya mwaka mzima, na mwisho wa mwaka atakayekuwa amehudhuria vizuri apewe cheti.

Bwana Mpima:
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo kwenye cheti nakupinga. Cheti humfaa anayetafuta kazi au anayetaka kupandishwa cheo. Mimi nikijifunza historia sasa, najifunza kwa sababu yako mambo mengi niliyopishana nayo njiani nikiwa na haraka ya kupima viwanja vya watu, na haraka ile haipo tena. Ukiniwekea mtihani, utanirudishia hofu niliyoiacha kazini.

Mama Katibu:
Mvutano wenu si mgeni duniani, nami nimeusoma kabla ya kuwaiteni. Chuo Kikuu cha kwanza cha Umri wa Tatu kilianzishwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, na profesa wa sheria aitwaye Pierre Vellas. Yeye aliwafungulia wazee milango ya chuo kikuu, wakawa wanasikiliza mihadhara ya wanazuoni kama vijana. Hiyo ndiyo njia anayoipendekeza Mwalimu. Wazo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter waliligeuza. Walishikilia kwamba kundi lolote la wastaafu tayari lina wahandisi, wauguzi, makarani, mafundi na wazazi waliolea, kwa hiyo wanachama wafundishane wao kwa wao: anayefundisha leo awe mwanafunzi kesho, asilipwe mtu, pasiwe na mtihani, na asiulizwe mtu alisoma hadi darasa la ngapi. Nionavyo mimi, kwa kikundi kisicho na fedha wala jengo, njia hii ya pili ndiyo inayotufaa. Chuo tutakiandikia siku tutakapokuwa na jambo mahususi la kukiomba.

Bibi Fundi:
Umri wa tatu ndio upi huo, mwanangu? Isije ikawa tumehesabiwa pamoja na wasiojiweza.

Mama Katibu:
La hasha, Bibi. Laslett alikuwa mwanahistoria, naye aliyagawa maisha katika vipindi vinne. Cha kwanza ni utoto na masomo, cha pili ni kazi na malezi, cha tatu ni pale majukumu hayo yanapopungua na mtu akapata nafasi ya kufanya aliyoyatamani, na cha nne ndicho cha kutegemea wengine kabisa. Alisisitiza kwamba umri wa tatu haupimwi kwa miaka, bali kwa nafasi ambayo mtu anayo na namna anavyoitumia.

Mwalimu Mstaafu:
Nimekuelewa, Katibu, ila wasiwasi wangu haujaisha. Mtu akisimama akatufundisha jambo lisilo kweli, tena kwa kujiamini, nani atamsahihisha? Sisemi hivi kwa kutaka ukubwa. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakibeba uvumi kwa sababu tu aliyeusema alikuwa na sauti nzuri.

Mama Nesi:
Mwalimu yuko sahihi, hasa kwa upande wangu. Mimi niko tayari kueleza jinsi moyo unavyofanya kazi, au jinsi ya kusoma maandishi ya kwenye boksi la dawa, lakini naomba iandikwe tangu siku ya kwanza kwamba hakuna mwanachama atakayemwambia mwenzake aache dawa, aongeze dawa au abadilishe dawa. Wanaohitaji ushauri huo waende kwa daktari wao. Mambo ya mirathi na hati za ardhi nayo yawe hivyo hivyo: tujifunze maneno yake na taratibu zake, ila kesi ya mtu isiamuliwe barazani.

Bwana Mpima:
Kwa masomo mengine, dawa ya uvumi ni kugawana kazi. Tuseme tumechagua historia ya reli. Mmoja atafuatilia injini, mwingine waliojenga njia, mwingine miji iliyokua kando ya stesheni, na kila mmoja akija aseme alikosoma alichokisoma. Azungumze dakika 20, kisha maswali yachukue muda mrefu kuliko maelezo. Mtu asiyejua jibu anasema sijui, nalo linakuwa zoezi la wiki inayofuata. Kinachohitajika hapo ni mratibu wa kuchunga saa, kutunza orodha ya zamu, kumzuia kwa upole anayetaka kuzungumza peke yake, na kumgeukia aliyekaa kimya.

Mwalimu Mstaafu:
Kama kuna orodha ya zamu na kila mtu anataja chanzo chake, basi hicho ninachokiita mtaala kipo. Vyeti naviondoa. Nitaratibu historia, mkiniruhusu.

Bibi Fundi:
Tumekuruhusu, na ahsante kwa moyo huo. Mimi nitachukua ushonaji, na nitaanza na tundu la kifungo kwa mkono, maana hapo ndipo nguo nyingi nzuri huharibikia. Wengi hukata kitambaa kwanza, kisha wakahangaika na nyuzi zinazochomoka. Mimi huchora mstari kwa chaki, napiga bandi ndogo ndogo kuuzunguka mstari wote, ndipo nakata katikati kwa ncha ya mkasi, halafu naufunika ukingo kwa mishono iliyobanana, kila mshono ukifungwa kifundo kidogo juu. Asiyeona vizuri tutamtungia uzi. Zaidi ya macho, mikono yake itamwongoza.

Mzee wa Ghala:
Nawasoma kwa furaha, jamani, na nitakuja kusikiliza. Mniwie radhi kwamba sitafundisha, kwa sababu mimi nilikuwa mtunza ghala tu, nikipokea mizigo na kuitoa. Sina elimu ya kumpa mtu.

Mama Katibu:
Mzee wangu, hilo neno "tu" silipokei, na nalisema kwa mapenzi. Nimejifunza kwamba vikundi vya namna hii huwa na watu wa kutosha, lakini hukwama kwa sababu wengi wao wameamini kwamba elimu ni ile tu iliyokuwa na ubao na chaki. Mtu akiamini hivyo, huja kukaa nyuma, na baada ya muda huona kwamba akikosa kuja hakuna atakayepungukiwa. Anayejua kuwa wiki ijayo ni zamu yake hakosi kuja.

Bwana Mpima:
Na ni nani kati yetu asiyejua kwamba wewe unamtambua ndege kwa sauti kabla sisi wengine hatujamwona? Alfajiri ukiwa barazani hunyanyui hata kichwa, lakini unataja jina lake. Nifundishe hilo, Mzee. Nimetembea porini miaka yote ya kazi yangu nikiwa na darubini mkononi, na ndege sikuwajua.

Mzee wa Ghala:
Kumbe mmeliona hilo. Basi nitawaambia ninavyofanya. Sianzi na jina. Nasikiliza kwanza kama sauti inapanda au inashuka, kama inarudiwa kwa mpigo mmoja au inabadilika, na kama inatoka juu ya mti, ndani ya kichaka au chini kwenye majani makavu. Baada ya hapo ndipo namtafuta kwa macho, nikitazama mdomo kabla ya rangi, kwa sababu rangi hudanganya penye kivuli, ilhali mdomo mnene wa kuvunja mbegu haufanani na mdomo mwembamba wa kunyonya maua. Siku hizi, hata hivyo, wale wenye sauti nyembamba sana siwasikii. Naona mdomo ukifunguka, sauti haiji.

Mama Nesi:
Hilo la sauti nyembamba lina sababu, nanyi nyote mlisikilize kwa sababu linahusu madarasa yetu yote. Usikivu unapopungua kwa ajili ya umri, huanza kupungua kwenye sauti za juu. Ndege wenye sauti nyembamba hupotea, na pamoja nao hupotea herufi kama s, f, t na sh. Ndiyo maana mzee husema "nakusikia, ila sielewi unachosema": sauti imemfikia, maneno yamefika nusu. Kumpigia kelele hakusaidii sana. Tukae kwa duara ili kila mtu auone uso wa anayesema, msemaji asiupe mgongo mwanga wa dirisha, azungumze mmoja mmoja, na redio izimwe. Wenye vifaa vya kusaidia kusikia waje navyo. Mzee, tafadhali upimwe masikio, halafu kwenye somo la ndege ukae karibu na mtu mwenye masikio mazuri, yeye akuambie anachosikia, nawe umwambie ni nani.

Niongeze jambo moja kwa uangalifu. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la tiba la The Lancet ilitaja vihatarishi 14 vya dimensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, vinavyoweza kupunguzwa, na miongoni mwake umo upungufu wa kusikia na umo upweke. Sisemi kwamba kikundi ni tiba. Nasema kwamba mtu asiyesikia vizuri huanza kukwepa mazungumzo, kisha hukwepa watu, na sisi tunaweza kumzuia asifike huko kwa kupanga viti tu.

Binti wa Mama Nesi:
Shikamooni wazazi wangu. Mimi nitasaidia darasa la simu siku za mwisho wa wiki. Naomba sharti moja liwekwe kwetu sisi vijana: anayefundisha asiishike simu ya anayejifunza. Tunapoichukua na kubonyeza haraka haraka, tatizo linaisha, lakini mzazi hajajifunza chochote na kesho atatuita tena.

Bibi Fundi:
Marahaba, mjukuu wangu. Sharti hilo nalitia sahihi kwa mikono miwili.

Bwana Mpima:
Jambo la mwisho kutoka kwangu. Wanaume wenzangu wengi hawajajiandikisha, na nadhani neno "mazungumzo" ndilo linalowarudisha nyuma. Huko Australia, tangu miaka ya 1990, wanaume waliostaafu hukutana kwenye karakana za pamoja ziitwazo Men's Sheds, wakitengeneza viti, baiskeli na vifaa vya shule. Wanaozianzisha husema kwamba mwanaume huzungumza vizuri zaidi akiwa bega kwa bega na mwenzake kwenye kazi kuliko akiwekwa uso kwa uso. Nitawaalika waje kurekebisha viti vya kikundi, vyote viwe na egemeo la mgongo. Mengine yatafuata.

Mama Katibu:
Basi tumekubaliana hivi. Tutaanza na makundi matatu tu: historia, ushonaji na ndege, kwa sababu tayari yana waratibu. Simu itafuata binti akishapanga ratiba yake, na kwaya itasubiri apatikane wa kuishika. Historia na ushonaji vifanyike mchana, vikome kabla giza halijaingia, ili hata asiyependa kutembea usiku afike kwake salama. Karatasi zote ziandikwe kwa herufi kubwa.

Mwalimu Mstaafu:
Mzee wa Ghala, niandike kundi lako. Tuje na nini?

Mzee wa Ghala:
Mje alfajiri na mapema kabla jua halijapanda, kwa nguo zisizong'aa, viatu visivyopiga kelele, na daftari dogo. Bwana Mpima alete darubini yake. Tutakaa sehemu moja bila kusema neno kwa robo saa ya kwanza, kila mtu akiandika alichosikia hata kama hajui jina lake, kisha tutalinganisha.