Mama kazuiwa kushuka ziwani kwao alikozaliwa, na vyumba nimelipia mwenyewe

Wakuu habari za saa hizi. Hili jambo niko nalo wiki ya tatu sasa, nalala nalo naamka nalo, leo nimeona bora niandike maana nikiendelea kunyamaza nitaugua. Jina la hoteli sitaji, bado sijamalizana nao.

Iko hivi. Bi mkubwa ana miaka 71, kazaliwa huko ukishavuka Busisi, na zamani kumpeleka kwao ilikuwa shughuli, mnapanga foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka jua liko utosini. Juni 2025 daraja likafunguliwa, zile kilomita 3 unazimaliza kabla hujakata simu, basi ikawa kila tukiongea ananiambia mwanangu nipeleke nikalione ziwa la kwetu. Nikasema Nanenane hii lazima, na kwa vile hajawahi kulala hoteli maisha yake yote nikajibana miezi minne nikalipia vyumba viwili, usiku mbili, kwenye hiyo hoteli ya kifahari yenye kiwanja cha gofu, tena kiwanja chenyewe kimekaa mulemule yalikokuwa makazi yao.

Mapokezi tu vurugu. Kwenye simu nilitajiwa shilingi, kufika natajiwa dola, nikawaambia kuna kanuni imetoka Machi 2025 inakataza kutoza watu bei kwa fedha za kigeni humu ndani ya nchi, yule dada akabadilisha ila kwa reti wanayoijua wao, ikazidi laki na kitu. Nikalipa, sikutaka kelele mbele ya mama. Somo la gofu kwa wanaoanza ambalo lilikuwa ndani ya hela niliyolipa nalo halikuwepo, mwalimu kasafiri. Hayo yote ningesamehe.

Asubuhi ya pili ndiyo siwezi kuisamehe.

Mama kaamka alfajiri kama kawaida yake, kajifunga kitenge, kandambili mguuni, tukatoka kunyoosha miguu. Kuna kijana mmoja kedi, yaani mbeba vijiti vya wachezaji gofu, wa kijiji hichohicho, alipomsikia mama anaongea Kisukuma akaacha vijiti alivyokuwa anafuta akaja kumsalimia vizuri kabisa na kututembeza kiwanjani. Sehemu nzuri jamani, sitadanganya, miti mikubwa, nyasi zimekatwa chini kama zulia, huku ng'ambo ya waya mwezi wa nane kila kitu kimekauka, mashamba ya pamba yamebaki vijiti na vumbi. Tumefika shimo la saba, pembeni kuna mwembe mkubwa na kipande cha minyaa wamekipunguza kwa mkasi kama ua la mapambo. Mama akasimama. Akaweka kiganja kwenye ule mwembe akakaa hivyo muda mrefu haongei. Halafu akaniambia hapa ndipo ilikuwa nyumba ya baba, hii minyaa ndiyo ulikuwa ua wetu, na lile shimo la mchanga unaloliona pale ndipo lilikuwa zizi. Operesheni Vijiji 1974 ndiyo iliwatoa wakahamishiwa barabarani, mji ukabaki mahame, lakini ziwani waliendelea kushuka miaka yote, kuchota maji, kufua, kuanika dagaa, hakuna aliyewakataza.

Kutoka mwembe hadi majini ni kama hatua mia, mteremko. Mama akavua kandambili akazishika mkononi akaanza kushuka mwenyewe, mimi nimebaki nyuma napiga picha mwembe. Nasikia sauti ya mlinzi, "Bibi, huku ni wageni tu, watu wa kijijini mnapita geti la nyuma." Hakumsalimia. Hakumuuliza yeye ni nani. Ile kamba ya karatasi ya wageni mama alikuwa nayo mkononi, mkono uleule ulioshika kandambili, hata hakuuangalia, kaona kitenge na peku akamaliza.

Nikafika natetemeka, nikamuonyesha kamba, ananiambia dada samahani nimeambiwa. Nikamuuliza umeambiwa nini hasa na nani, akainama chini. Na wakati tunabishana wageni wawili wazungu wakapita pembeni yetu, peku vilevile kama mama, wakashuka hadi majini, mlinzi akawaamkia. Nilipogeuka mama alikuwa ameshavaa kandambili zake, akasema twende mwanangu usigombane na mtoto wa watu.

Meneja ananiambia ni usalama, kuna viboko. Viboko wapo ziwani nakubali, na asubuhi na jioni ndiyo wabaya, lakini kama sababu ni viboko wale wawili wangezuiwa pia, tena wao walikuwa wameshaingia hadi magotini! Akaishia kutuletea juisi mbili za bure. Mama yangu hakwenda pale kutafuta juisi.

Sasa nilichoambiwa pale kijijini baadaye ndicho kimenifanya nisiishie kwenye kudai hela. Njia ya kushukia ziwani imefungwa, uzio wa waya umeshuka mpaka umeingia ndani ya maji. Kinamama waliokuwa wanatumia dakika tano kuchota maji sasa wanazunguka nusu saa na ndoo za lita 20 kichwani, wanapita kando ya waya na ndani ya waya mabomba yanarushia nyasi maji hayohayo ya ziwa. Dagaa nao wameambiwa wasianike pale, wageni wanalalamikia harufu. Anayejua dagaa anajua hii maana yake nini, wavuvi wanatoka na taa usiku wa giza, wanarudi alfajiri, na mzigo ule usipowahi jua la asubuhi unaharibika, unabaki wa kulishia kuku. Halafu hotelini kuna matembezi ya kijijini, unalipia, unapelekwa ukawaangalie kinamama haohao wakibeba maji. Nilisoma lile bango mara mbili nikidhani sijaelewa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataja mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hakuna kufanya shughuli za kudumu humo. Ule uzio nguzo zake ni za zege. Nataka nijue nani kaidhinisha na kijiji kilishirikishwa kwenye kikao gani, muhtasari uko wapi.

Picha ninazo za uzio, risiti ninayo, bango nimepiga. Naandaa barua ya NEMC, lile baraza la mazingira la taifa, Kanda ya Ziwa, na nyingine ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, zote nazipeleka kwa mkono Jumatatu. Yule kedi sitamtaja popote na naomba mtu asijaribu kumtafuta, ana kazi yake.

Mama hajaliongelea tena. Alikata kijiti cha minyaa siku ile bila mimi kuona, nimekikuta Igoma nyumbani kakichomeka kwenye kopo la maziwa nje ya mlango wake.

Aliyewahi kufungua malalamiko ya njia ya ziwani kufungwa, iwe Magu, Ilemela, Ukerewe au popote, aje aeleze alianzia ofisi gani na walimjibu nini. Muandike hapahapa, msije inbox, na wa kule kijijini wasome.