Nimetenga ekari mbili kwa ajili ya kanga na digidigi: nipande nini huku Chamwino?

Nyemo_Chamwino:

Habari zenu wakuu. Nina shamba la ekari 14 upande wa Chamwino, tuliachiwa na marehemu baba. Sehemu ya chini ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Juu ni kichanga chekundu. Pembeni kuna korongo lenye kichaka ambacho baba hakuruhusu mtu akikate hata kwa kuni. Humo kuna digidigi, siku zote nawaona wawili, na kundi la kanga linalala kwenye mkungugu mkubwa, ule mti wa miiba, ulioinamia korongo. Kwale na sungura wapo pia. Ila kanga naona wanapungua mwaka hadi mwaka. Vijana wanatega nyaya, mbuzi wanaingia baada ya mavuno, na ikifika Oktoba pale huoni jani la kijani.

Nimeangalia video za Wamarekani wanaolima vishamba maalumu kwa ajili ya kulungu wao. Wanapanda klova, tanipu, oti, wanapima udongo, wanaweka mbolea, wanafyeka kwa ratiba. Wengi wanafanya hivyo ili msimu ukifika wawinde. Mimi siwindi. Nataka wanyama hawa wabaki, wajukuu wa baba wawakute.

Nimetenga ekari mbili kando ya korongo. Nipande nini kitakachovumilia mvua zetu? Nilimishe kwa trekta au jembe la mkono? Na nitazuiaje pasigeuke malisho ya mbuzi wa kijiji kizima?

Mzee wa Mundemu:

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako, amekuachia kitu ambacho wengi wetu tumeshakichoma mkaa.

La kwanza, trekta isifike pale. Digidigi maisha yake ni kichaka. Nenda taratibu ukingoni, angalia ncha za vijiti vikavu kwenye usawa wa goti. Utakuta tone jeusi linalonata kama lami. Digidigi ana tezi kwenye kona ya jicho, anachomeka kijiti pale na kuacha alama yake. Karibu na hapo utakuta rundo la kinyesi, punje ndogo ndogo zimekusanywa mahali pamoja, wanarudi palepale kila mara. Huo ndio mpaka wa milki yao, dume na jike wake. Tembea uufahamu kabla hujainua jembe, kwa sababu ukifyeka ndani ya mpaka huo ili upande chakula, umewanyang'anya nyumba ukawapa sahani.

Klova achana nayo. Inataka ubaridi na unyevu wa muda mrefu, na sisi hapa tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote kati ya Desemba na Aprili, tena Februari inaweza kukatika wiki kadhaa. Wale Wamarekani wanahangaika na njaa ya majira ya baridi, theluji imefunika kila kitu. Njaa ya wanyama wetu ni Septemba hadi mvua ya kwanza. Kwa hiyo usijiulize nini kitastawi Januari, Januari kila kitu kinastawi. Jiulize Oktoba kitabaki nini. Kule kusini mwa Marekani kwenye joto, hao hao wapenzi wa kulungu wanapanda kunde na fiwi, mazao yaliyotoka huku Afrika. Sisi tunayo nyumbani.

Fiwi ndiyo ningeanza nayo, ni jamii ya maharage, wengine wanaiita ngwara. Mzizi wake unashuka mbali, kunde zikishakauka yenyewe bado ina majani. Ipande upande wa kichaka pamoja na mbaazi ile ya muda mrefu. Mbaazi usiing'oe baada ya mwaka wa kwanza. Ikishatoa maganda ikate usawa wa kiuno, itachipua tena, na maua yake nyuki wanayapenda. Kunde tupia katikati zifunike udongo.

Uwele na mtama panda mbali kidogo na kichaka, ila kwa vipande vyembamba, si shamba moja pana. Kanga ni ndege wa kutembea, hapendi kwenda mbali na maficho maana mwewe anamwona. Kati ya kipande na kipande acha nyasi zijiotee. Vifaranga vya kanga mwanzoni wanakula wadudu zaidi ya punje, na wadudu wako kwenye nyasi. Kichuguu ukikikuta usikibomoe. Na ndago, hili utashangaa, kwenye shamba la chakula ndago ni adui lakini pale iache. Kanga anachimbua vile vitunguu vyake kiangazi chote, utaona vishimo vidogo vidogo ardhini kama umeamka mapema.

Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au ya waridi zimepakwa dawa. Usizimwage juu ya ardhi, ndege wanaokota. Tumia mbegu yako ya nyumbani, au fukia vizuri. Dawa ya viwavijeshi nayo usipulize kabisa kwenye hizo ekari mbili. Wakila mtama, wacha wale. Masuke ya uwele nayo yaache yasimame baada ya mavuno, humo hulimi kwa ajili ya gunia.

Maji ya mvua yasikimbilie korongoni. Chimba makinga maji kukata mteremko, udongo uweke upande wa chini, juu ya tuta panda nyasi. Kwenye kile kichanga chekundu angalia visiki: mikole, mikungugu, mikwaju iliyokatwa zamani inachipua kila mvua na mbuzi wanairudisha chini. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine pogoa, funga kitambaa uwe na alama. Hiyo ndiyo Kisiki Hai inayofundishwa vijijini kwetu hapa Dodoma, na inashinda kupanda miche, kwa sababu mzizi uko chini tayari. Kama una ule mgunga unaopukutisha majani masika na kuchanua kiangazi, ulinde kwa nguvu zote. Maganda yake yanaanguka wakati hakuna kingine.

Mbuzi ndio kazi yenyewe. Huku kwetu shamba likishavunwa mabua ni ya wote, ni desturi ya tangu babu. Ukizungushia seng'enge bila kusema na watu, utaonekana umejitenga, na nyaya zako ndizo zitakazotega kanga wako. Nenda serikali ya kijiji Machi au Aprili, mapema, uombe wajue kwamba ekari hizo hazifunguliwi. Wagogo tuna milaga, maeneo ya malisho yanayofungwa mpaka kiangazi kikali, kwa hiyo wazee watakuelewa haraka kuliko unavyofikiri. Halafu weka uzio wa miiba ya mikungugu, na nyuma yake panda minyaa mvua zikianza. Wakataji wajihadhari na utomvu wa minyaa, ukiingia jichoni ni hatari kweli.

Kibaigwa2:

Mzee nakuheshimu, lakini hapo kwenye uwele kusimama shambani baada ya mavuno mimi siungi mkono. Tumelia na kwelea kwelea huku Kongwa. Ndege mmoja anakula gramu kama 10 kwa siku, hesabu wakija laki ngapi. Jirani yake dada, shamba lake likivamiwa na kwelea, atasema dada ndiye aliyewaita. Na wakizidi italetwa ndege ya kupuliza sumu, na sumu ile haichagui, inaua bundi, mwewe na hao hao kanga tunaowatetea.

Mzee wa Mundemu:

Ndugu yangu umesema kweli, nami ningemwambia apunguze. Kwelea wanafuata mbegu za nyasi kwanza, zikiisha au zikiota kwa mvua ndipo wanageukia uwele na mtama wa watu. Kwa hiyo apande sambamba na majirani, uwele wake uive wakati mmoja na wao, usiwe peke yake shambani ungali laini. Ukishakomaa avune mwingi, aache mistari michache, na hiyo ailaze chini kwa mguu. Kanga na kwale wanakula chini, kundi la kwelea linapenda kutua kwenye masuke yaliyosimama. Mkazo ubaki kwenye fiwi na mbaazi. Hizo kwelea hana habari nazo.

Nyuki_Manyoni:

Mimi niongeze la tembo. Dada, uliza wazee kama njia ya tembo inapita karibu. Huku Manyoni tumepakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na huko Chamwino pia wanatokea miaka mingine. Kama wanapita, usipande matikiti wala maboga hapo, na mtama usiachwe kusimama hata mstari mmoja. Tembo akishajua mahali anarudi, na akirudi anapitia kwenye mashamba ya watu waliolala.

Kinachoweza kukusaidia ni mizinga. Tundika michache ndani ya kichaka, mbali na nyumba na njia ya mifugo. Mbaazi, fiwi na alizeti zinachanua kwa kupokezana na miti yako ya porini. Nyuki watakupa asali, na mtu mwenye panga anafikiri mara mbili kabla ya kuingia kukata. Vijana wanaotega nyaya, wape mmoja wao kazi ya kulina na sehemu ya asali iwe yake. Huku kwetu mtegaji hodari ndiye amegeuka mlinzi, anaujua kila upenyo.

Nyemo_Chamwino:

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote, nimeandika kila kitu daftarini. Tembo mama anasema walipita zamani upande wa pili wa barabara, kwetu hapana. Maswali mawili tu. Maji: korongo linakauka Julai, niwawekee? Na mdogo wangu anauliza kama tunaweza kuokota mayai ya kanga tukayaatamishia kuku, ili waongezeke haraka.

Mzee wa Mundemu:

Marahaba mwanangu.

Digidigi hahitaji maji, anapata kwenye majani na umande. Kanga anahitaji kila siku. Chimba kidimbwi cha kina kifupi karibu na kichaka, kisakafie, weka mawe ndani ili kifaranga akitumbukia apande atoke. Kisugue mara kwa mara, maji machafu yanaleta ugonjwa. Ukianza kuweka Agosti usiache mpaka mvua, wakishazoea hawana pengine. Kama huwezi kuhakikisha maji mpaka Desemba ni heri usianze.

Mayai hapana, mwambie mdogo wako ayaache. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa ndani ya shamba lako. Kumshika au kumfuga kunataka kibali. Mkitaka kufuga, ofisi ya wanyamapori ya wilaya itawaelekeza. Halafu kanga aliyelelewa na kuku hamjui mwewe, ukimrudisha porini analiwa.

Fiwi usinunue nyingi. Kilo nne kwa nusu ekari zinatosha, nusu nyingine weka mbaazi. Panda mvua ikishazamisha kidole chote ardhini, si ile ya kwanza ya kudanganya. Mwaka wa kwanza lima kipande cha juu tu kwenye kichanga. Kule mbugani acha kama kulivyo, na njia ya kuzuia moto isafishwe kabla ya Agosti, upana wa hatua nne au tano, kuzunguka pande zote isipokuwa ya korongo.