Shoti (upungufu) ya dizeli imekula mshahara wote. Hii ni halali?

SemiYaKusini
Wakuu, naendesha semi Dar–Lubumbashi. Mshahara wa mkataba ni 450,000, ila posho ya safari ndiyo inayolisha nyumba. Na posho ni ile ile, uvuke mpaka wa Kasumbalesa, wa Zambia na Kongo, siku mbili au ulale foleni wiki mbili. Maji unanunua, choo unalipia, mlinzi wa usiku unampoza. Juzi nimefika yadi naambiwa kuna shoti ya lita 90, mshahara wote ukazuiwa. Sikuulizwa kitu! Foleni ile unawasha, unasogea kidogo, unazima, mchana kutwa. Hayo mafuta yanahesabiwa wapi?

DadaUtumishi
Pole kaka. Mshahara wote hawawezi kuuzuia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe umekubali makato kwa maandishi, hasara iwe kosa lako, upewe hesabu yake kwenye karatasi na nafasi ya kuipinga. Hata hapo, makato yasizidi robo ya ujira. Wakikataa, nenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, kufungua shauri ni bure. Angalia na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wewe usikatwe zaidi ya nusu yake. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, analipa mwajiri peke yake, ukiiona kwenye makato yako uliza.

GariMbiliTu
Mimi nipo upande wa pili, nina gari mbili. Shoti za kweli zipo jamani, tusidanganyane, madumu ya mafuta ya wizi njiani tunayaona. Ila foleni si kosa la dereva. Wangu akipitisha siku tano mpakani namwongezea kwa siku, ananitumia picha ya muhuri wa kuingia.

SemiYaKusini
Hiyo ya muhuri nampelekea bosi kesho. Dada, na taniboi wangu, msaidizi wa kwenye gari, je? Hana karatasi yoyote.

DadaUtumishi
Kukosa karatasi hakumtoi kwenye sheria. Akiwa anapangiwa kazi na saa zake na mtu mmoja, anayemtegemea kwa kipato, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nani anamlipa?

SemiYaKusini
Mimi. Kwenye posho hiyo hiyo.

DadaUtumishi
Basi jiandae, kampuni itasema mwajiri wake ni wewe. Nani alimleta kwenye gari, wewe au yadi?