Roman Reigns alibebwa mapema au watu walimchoka tu?

Mangi wa Pasua (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Pasua, jamaa kaweka mieleka ya zamani kwenye TV, ile Royal Rumble ya WWE ya Januari 2015 kule Philadelphia (mechi ya watu 30, ukirushwa juu ya kamba umetoka, anayebaki wa mwisho anapata nafasi ya kupigania ubingwa), basi ubishi wa Roman Reigns ukazuka hadi mteja aliyekuwa kwenye kiti akawa anageuza shingo mashine ikiwa kichwani. Mimi nilisema na leo narudia, Roman Reigns, WWE ambao ndio wanapanga nani ashinde, walimpa ustaa kabla hajaiva. Hebu pigeni hesabu wenyewe. Kundi lake la The Shield walitokea Novemba 2012 wakiwa watatu, yeye na Seth Rollins na Dean Ambrose, na kazi ilikuwa imegawanywa vizuri, Ambrose anashika maiki, Rollins anapiga zile mechi ndefu za jasho, halafu Roman anaingia mwishoni anamwaga watu dakika mbili tatu, anarusha ngumi yake ya Superman Punch, anawavaa na Spear, kwisha. Kundi likavunjika Juni 2014 Rollins alipowageuka na kiti. Kutoka hapo hadi kushinda Rumble ni kama miezi saba na nusu, na ndani ya hiyo miezi karibu mitatu alikuwa nje kwa operesheni ya ngiri! Kwa hiyo kusimama peke yake alijifunza lini? Wakampa maiki akaanza kumsimulia Big Show hadithi ya watoto ya Jack na mharage wa maajabu, jamani mtu mzima wa misuli ile. John Cena alianza Juni 2002, mkanda mkubwa wa ubingwa kaupata Aprili 2005, karibu miaka mitatu anapikwa. Huyu wakamvundika kama ndizi ya kuwahi soko la Mbuyuni, nje njano ndani bado ngumu.

Sisi tulioangalia live ile alfajiri saa kumi tulishangaa, kashinda halafu uwanja mzima unazomea, wakamleta hadi The Rock, nyota wa zamani, aje amnyanyue mkono nao bado wanazomea. Naomba mnipe mawazo yenu.

Chalii wa Ngarenaro

Kaka nakupinga kabisa. Mambo ya mapema sijui kuiva hayana uzito, Goldberg kaanza Septemba 1997, Julai 1998 kampiga Hulk Hogan kachukua mkanda pale Atlanta, hata mwaka haukufika, na uwanja ulikuwa unapasuka kwa shangwe. Brock Lesnar kaingia Machi 2002, Agosti tu hapo kampiga The Rock akiwa na miaka 25 akawa bingwa, nani alisema amewahishwa? Watu wakimkubali mtu hawahesabu miezi. Tatizo la Roman lilikuwa Daniel Bryan basi. Jamaa alishinda ubingwa WrestleMania ya 2014, lile onyesho kubwa kuliko yote la mwaka, shingo ikamletea shida akafanyiwa operesheni, akavuliwa mkanda bila kupigwa na mtu, karudi Januari 2015 watu wanamsubiri kwa hamu kwenye Rumble halafu anatolewa mapema na Bray Wyatt kama mtu wa kawaida. Pale hata angeshinda malaika angezomewa. Philadelphia walikuwa na msiba wao, Roman kapita na keki.

Fundi Redio Majengo

Chalii umejijibu mwenyewe bila kujua. Lesnar alikuwa na nani pembeni? Paul Heyman. Yule mtu ndio alikuwa mdomo wake, Brock kazi yake kupiga tu na kukasirika. Goldberg naye walimwacha apige mechi fupi haongei, hawakumpeleka alikokuwa dhaifu. Kwa hiyo swali la mapema au kuchelewa mimi naona halifiki kwenye mzizi, swali ni walimpeleka juu akiwa amevaa nini. Roman walimpandisha wakamvua vyote vilivyomfanya apendwe, mwanzo alikuwa kimya anatisha, wao wakataka acheke cheke na kutania kama Cena.

Halafu kuna kitu nashangaa watu wanasahau. The Rock mwenyewe alipitia hayohayo! Kaja mwisho wa 1996 anaitwa Rocky Maivia, tabasamu kila saa, Februari 1997 ana mkanda wa Intercontinental tayari, ule wa chini ya mkanda mkubwa, watu wakamchukia mpaka wakawa wanaimba afe. Kampuni ilifanyaje? Aliporudi kutoka kwenye jeraha Agosti 1997 wakamgeuza adui, wakamtia kundi la Nation of Domination, akapewa nafasi ya kuwajibu wale waliokuwa wanamzomea, na pale ndipo alipozaliwa The Rock tunayemjua. Dawa walikuwa nayo kabatini. Roman walimlazimisha kuwa steringi miaka mitano, hata alipompiga Undertaker WrestleMania ya 2017, kesho yake kwenye Raw, kile kipindi cha kila wiki, amesimama tu ulingoni watu wanazomea kama dakika kumi hivi, kasema sentensi moja kwamba sasa huu ni uwanja wake akashuka. Nilikuwa naangalia nikasema huyu ni adui bora duniani na wenyewe hawataki kuona. Ikabidi tusubiri hadi Agosti 2020 ndipo wakamgeuza adui.

Mama Junior wa Sakina

Jamani na mimi naomba niseme maana mnamwita wa kubebwa kama vile hakufanya kitu. Rumble ya 2014 mmeisahau? Alitoa watu 12, akavunja rekodi ya Kane ya 11 iliyokaa tangu 2001, wamebaki yeye na Batista uwanja mzima unamshangilia ROMAN, anayezomewa ni Batista. Hao hao! Mwaka mmoja baadaye hawamtaki. Sasa nani alimwahisha, si watu wenyewe walianza kumpandisha?

Mimi yule kaka namheshimu sana. Oktoba 22, 2018 aliposimama akasema saratani ya damu imerudi, kwamba aliwahi kuugua akiwa na miaka 22, akauweka mkanda chini akaondoka, nililia hadi mwanangu akaja kuniuliza mama nani kafa. Miaka yote hiyo ya kuzomewa alikuwa anajua kilichomo kwenye damu yake na hakuwahi kukitumia kuombea huruma. Nina mgonjwa nyumbani wa ugonjwa wa aina hiyo, kwa hiyo mtanisamehe kama naandika kwa uchungu.

Mangi wa Pasua (Moshi)

Dada pole sana na mgonjwa, Mungu amsimamie. Na nakubali, 2014 nilikuwa nimeiruka. Nimerudi kuiangalia jana usiku na kweli shangwe ilikuwa yake, lakini angalia vizuri walikuwa wanamshangilia nani, yule wa Shield mwenye fulana nyeusi asiyeongea, ndio huyohuyo Fundi anayemsema hapo juu.

Kwa hiyo nabadilisha kidogo kauli yangu, Chalii usicheke. Mkanda wangempa tu hata 2015, ila wangempa akiwa mkimya na mtu wa kumsemea. Maana 2020 karudi kwenye onyesho la SummerSlam, siku chache baadaye Paul Heyman yuko pembeni, wiki moja baada ya kurudi kachukua mkanda, na akaushika siku 1,316 mpaka Cody Rhodes alipomtoa Aprili 2024, na kwenye hizo siku sikumsikia mtu yeyote hapa kijiweni akitamka neno kubebwa. Mtu ni yuleyule.

Chalii wa Ngarenaro

Sicheki mangi. Ila Bryan walimwonea, hilo sitoki.

Fundi Redio Majengo

Hapo kwa Bryan wote tuko pamoja.