Mawakili vijana na saa za bili: sheria ya kazi inaishia mlangoni mwa wakili?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila kutaja ofisi ya mtu. Baadhi ya kampuni za uwakili hapa Dar, hasa zenye wateja wa nje, zinalipisha kwa saa, na kijana akishaapishwa anapewa lengo la mwaka la saa ambazo wateja watalipishwa. Nilikofanya kazi siku ilikatwa vipande vya dakika sita sita: kujibu barua pepe kipande kimoja, kupiga simu BRELA, kwa wasajili wa kampuni, viwili.

Mtindo huu tumeuiga Marekani. Mwaka 1958 chama cha mawakili cha huko kilikadiria saa 1,300 za kulipiwa kwa mwaka. Leo kampuni kubwa za New York huenda 1,900 hadi 2,000. Sasa leta hesabu kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28. Wiki 48 mara 45 ni saa 2,160. Mpe kijana lengo la 1,900, zinabaki 260, yaani kama saa moja kwa siku. Humo aingize vikao, kusoma sheria mpya na foleni ya masjala. Lengo lenyewe linamlaza ofisini.

Na usiku huo haulipwi, wakati sheria inataka muda wa ziada uwe wa makubaliano, usizidi saa 50 kwa wiki nne, na ulipwe mara moja na nusu. Mteja anapelekewa bili ya kazi iliyofanywa saa nne usiku, aliyeifanya anaambulia nauli ya bajaji.

Mchangiaji 1: Punguza kulia, mkuu. Sisi tulisotea meza hizo hizo na ndiko tulikojua kazi. Halafu masharti ya saa hayawahusu wanaosimamia wenzao, rudi kaisome.

Mchangiaji 2: Niko Mwanza, ofisi yetu ndogo, bili za saa tunazisikia tu. Uhamisho wa kiwanja tunatoza kwa kuangalia thamani ya mali. Na bado kijana anatoka saa tatu usiku. Kwa hiyo msisingizie saa, tatizo ni mabosi.

Mleta mada: Mchangiaji 1, nimeisoma. Kijana wa mwaka wa kwanza anamsimamia nani, mashine ya fotokopi?

Wa Mwanza ana hoja, ila huko anayefanya haraka anawahi nyumbani walau siku moja moja. Kwenye saa, mwepesi ndiye anayeumia, maana akimaliza mapema lengo linamkimbia. Kuna na saa za kufutwa. Umekagua nyaraka za mkopo saa tisa, bosi anaona mteja atang'aka, anaandika tano. Zile nne zinakuwa hazikufanyika, na Desemba unaulizwa kwa nini hujafikisha. Ninachotaka ni kidogo: saa zote zihesabiwe, za kulipiwa na zilizofutwa, zikizidi 45 zilipwe. Hakuna haja ya kwenda Bungeni.

Mchangiaji 3: Sawa, nani ataanza kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi? Mji wenyewe huu, wabia wote, wenye hizi kampuni, wanajuana, jioni wako meza moja. Ukimshtaki mmoja, nani atakuajiri? Mimi nadai, karatasi ninazo, na fomu sijachukua.